Paka Mwenye Maradhi ya Sukari na Haki Yake kwa Aliyemfuga



Napenda leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni paka aliyepatwa na maradhi ya sukari na namna ya kumtunza nyumbani. Najua wako watakaocheka. Hapa kwetu Kilema, katika miteremko ya Kilimanjaro, mtu akisikia neno "sukari" huwakumbuka wazee wake, hamkumbuki paka aliyelala juu ya jamvi. Lakini kicheko hakiondoi haki. Kiumbe uliyemtia ndani ya mlango wako akautegemea mkono wako, ana haki juu yako siku ya uzima wake na siku ya ugonjwa wake, na Mwenye kuuliza habari ya haki hiyo hasahau.

Paka si mgeni katika nyumba za Waislamu. Sahaba Abu Hurayra alijulikana kwa lakabu itokanayo na paka mdogo. Abu Qatada, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipoletewa maji ya udhu na paka akaja kunywa, alikiinamisha chombo mpaka paka akaridhika, kisha akaeleza ya kuwa Bwana Mtume S.A.W. amefundisha kwamba paka si najisi. Kadhalika twaijua sote hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie akajitafutia wadudu wa ardhini.

Hadithi hii twawasomesha watoto tangu wadogo, na yafaa tuitazame vema. Mwanamke yule alikuwa na njia mbili za kuokoka: kumlisha paka wake, au kumwachia ajilishe. Kwa paka mzima, njia zote mbili zi wazi. Kwa paka mwenye maradhi ya sukari, njia ya pili imeziba. Miguu yake ya nyuma imelegea, panya hamkamati. Njaa haimtoki hata akila. Na kiu yake haina mwisho. Ukimtoa mlangoni ukasema, "Nimemwacha huru," umemhamisha tu kutoka kifungo chembamba ukamtia katika kifungo kipana. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika chuo chetu tunaye paka dume, shume mkubwa, ambaye wanafunzi wamempa jina la Sultani. Kazi yake ni kulinda misahafu na juzuu zisiguguniwe na panya, na kwa miaka mingi ameitimiza. Alipofika umri wa miaka kumi hivi alikuwa amenenepa sana, na watoto wakaona fahari kuwa na paka mnene kupita paka wote wa kijiji. Kisha mambo yakageuka. Kwanza, alianza kunywa maji kupita kiasi. Kila ndoo ya udhu ilipowekwa, yeye alitangulia kabla ya watu. Pili, mkojo wake ukawa mwingi, na mahali alipokojoa sisimizi wakajipanga. Tatu, alikula kwa pupa na huku akikonda, hata pingili za mgongo zikahesabika. Nne, akaanza kutembea kwa kukanyagia visigino vya miguu ya nyuma, kama kwamba yuataka kuketi na huku yuaenda.

Wazee wakasema ni uzee tu. Lakini mama mmoja jirani yetu, ambaye si wa dini yetu na ambaye mwenyewe ana maradhi ya sukari kwa miaka mingi, alipomwona akinywa alisema, "Maalim, huyu ana ugonjwa wangu." Nikamtia Sultani katika tenga la kuku, nikashuka naye Himo, nikapanda gari la Moshi hadi kwa daktari wa wanyama. Maneno ya yule mama yakawa kweli tupu.

Yafaa nieleze maradhi yenyewe kwa ufupi. Ndani ya tumbo la mtu na la mnyama mna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hiki hutoa insulini, nayo ndiyo ifunguayo mlango ili sukari iliyo katika damu iingie mwilini ikawe nguvu. Insulini ikipungua, au mwili ukiacha kuitii, sukari hubaki katika damu na mwili ukafa njaa katikati ya shibe. Paka mzima huwa na sukari ya milimoli 4 mpaka 7 hivi katika lita ya damu. Ikipanda kupita 14 au 16, figo hushindwa kuizuia, ikamwagika katika mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Hiyo ndiyo asili ya kiu, na ndiyo asili ya sisimizi. Maradhi ya paka yanafanana na yale yanayowapata watu wazima wanene. Huwajia zaidi madume, wazee, na wanaolala mchana kutwa. Daktari alinieleza pia ya kuwa hofu peke yake humpandisha paka sukari, kwa hiyo hatosheki na kipimo kimoja cha damu ya mnyama aliyetoka kusukwasukwa garini. Hutazama na mkojo, na dalili, na habari za nyumbani.

Maradhi haya ni ya kale. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika kitabu chake cha utabibu, Al-Qanun. Lakini dawa yake haikupatikana mpaka mwaka 1921, huko Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipoitoa insulini katika kongosho za mbwa. Na mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kuchomwa sindano yake. Kwa miaka sitini baadaye insulini ya wanadamu ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na Waislamu wengi wakawa na maswali juu yake, mpaka mwaka 1982 ilipoanza kuuzwa insulini iliyotengenezwa kwa msaada wa vijidudu vya bakteria. Nalitaja hili kwa makusudi. Kila mgonjwa wa sukari aliye hai leo ana deni kwa wanyama. Si ajabu basi, wala si upuuzi, tone moja la dawa hiyo likarudi kwa mnyama.

Sasa nije kwenye matunzo, nami nitaanza na chakula, kwani katika nyumba zetu za mlimani ndicho kilicho karibu na mikono yetu.

Mwenyezi Mungu amemuumba paka kuwa mla nyama. Ini lake halina nguvu kama ya ini letu ya kuushughulikia wanga mwingi. Tena mwaka 2005 wataalamu wa Marekani waligundua ya kuwa paka hana uwezo wa kuonja utamu. Ulimi wake haujui ladha ya sukari. Akikimbilia andazi, anafuata mafuta yake, si utamu wake. Lakini desturi ya nyumba zetu ni kumpa paka kilichobaki: ugali uliolowekwa maziwani, wali, ndizi za mtori, na kipande cha andazi kutoka mkononi mwa mtoto. Paka mzima mwindaji hufidia kwa panya na ndege. Mwenye maradhi ya sukari, chakula hicho kwake ni kuni juu ya moto.

Sultani sasa hula hivi. Dagaa wa ziwani, wanaouzwa sokoni Himo, huoshwa mpaka mchanga uishe, wakachemshwa bila chumvi. Huliwa wazima, kwa kuwa mifupa yao midogo ndiyo chokaa ya mifupa yake, na nyama tupu haina chokaa ya kutosha. Hupewa pia moyo wa ng'ombe, firigisi na nyama ya kuku, na yai lililochemshwa. Supu yao haimwagwi, kwani katika moyo na nyama nyekundu mna kitu kiitwacho taurini ambacho paka akikikosa hupofuka na moyo wake kudhoofika, na katika kuchemsha kitu hicho huingia majini. Maini hupewa kidogo, mara moja katika juma, maana yakizidi huharibu mifupa. Vitunguu na vitunguu saumu ni sumu kwa paka, kwa hiyo mchuzi wa watu haumfai. Maziwa nayo yana sukari yake, basi tumeyaacha. Maji hayafungwi kamwe. Anayemnyima maji mgonjwa wa sukari ili asikojoe sana humzidishia maradhi.

Mambo mawili yasisahaulike hapa. La kwanza, chakula hubadilishwa kidogo kidogo kwa muda wa juma zima. Paka mnene hafungishwi saumu ili akonde, kwani akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hulivamia ini lake na huweza kumwua. La pili, akiwa tayari yu katika sindano, usimpunguzie wanga bila kumwambia daktari, maana haja yake ya insulini itapungua, na kipimo cha jana kitakuwa kikubwa leo.

Chakula peke yake hakikutosha, na kwa paka wengi hakitoshi. Daktari aliamuru sindano ya insulini ya kudumu, aina ya glajini, yuniti moja asubuhi na moja jioni. Sisi tulio karibu na ikweta tumepewa saa isiyohitaji kuangaliwa: jua lichomozapo na lichwapo ni saa 12 na saa 12. Sultani hula, kisha huchomwa chini ya ngozi ya ubavuni, na sindano ni nyembamba hata mara nyingi haachi kula. Vidonge vya wanadamu vya sukari asipewe kwa kukisia. Mwaka 2022 na 2023 Marekani iliruhusu dawa mbili za kunywa zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, lakini hazimfai kila paka, na hutaka uangalizi wa daktari.

Katika insulini kuna hatari ambayo kila mwenye nyumba lazima aijue. Chupa huandikwa namba ya nguvu yake: ziko za 100 na ziko za 40 kwa kila mililita. Bomba la sindano nalo huandikwa namba hiyohiyo. Ukichanganya chupa ya namba hii na bomba la namba ile, kipimo huongezeka au hupungua zaidi ya maradufu. Dawa yenyewe huwekwa penye baridi, nyuzi 2 mpaka 8, wala isigande. Asiye na friji aweza kutumia mtungi uliowekwa ndani ya mtungi mkubwa, baina yao mchanga ulioloweshwa maji. Hauifikii baridi ya friji, lakini huikinga dawa na joto, na hewa ya Kilema inausaidia. Tena mwenye kuutumia amwulize daktari chupa idumu siku ngapi.

Kuchoma sindano nilifundishwa na yule mama jirani, pale barazani kwake, kwa kutumia maji na chungwa. Naye kwa wema wake akasema, "Maalim, usinunue. Chukua katika chupa yangu ya kliniki. Yuniti mbili kwa siku sitazihisi." Nilimshukuru, nami nikakataa. Dawa ile alipewa yeye kwa jina lake na kwa ugonjwa wake, na katika nchi yetu wako watoto wanaoishi kwa insulini ya msaada, ambao kwao chupa moja ndiyo tofauti ya uhai na mauti. Paka ana haki kwangu. Hana haki katika dawa ya mgonjwa mwingine. Kinachomhusu Sultani nimekinunua katika duka la dawa mjini, kwa thamani ya mikungu ya ndizi ya shamba langu, wala si kwa senti moja ya ada ya chuo.

Hata hivyo maneno yalikuja. Mzee mmoja tunayemheshimu alinikabili baada ya sala ya Ijumaa akasema, "Maalim, watoto wa chuo hawana viatu, nawe wamnunulia paka dawa?" Swali hili ni zito, wala sikulidharau. Nilimjibu, "Mzee wangu, mwanadamu hutangulia, na watu wa nyumba yako hutangulia. Mtoto wangu angekuwa na njaa, au jirani yangu angekosa dawa, ningeanza kwao. Lakini haki si mkeka wa mtu mmoja, kwamba akikaa huyu yule ainuke. Wanazuoni wameandika ya kuwa kumlisha mnyama ni wajibu wa mwenye kumfuga. Hawakusema wajibu huo huanguka kwa sababu duniani wako maskini. Na kama twahesabu, chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na Sultani hutumia mbili kwa siku. Tuhesabu pia sukari tunayotia katika chai ya maulidi, tuone ipi yenye gharama zaidi."

Mzee alicheka, akasema, "Hiyo ya chai niachie." Baada ya siku chache alimtuma mjukuu wake chuoni na mfuko wa dagaa.

Hiyo ya chai, ndugu zangu, haikuwa mzaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, vikiwamo vya mkoa wetu wa Kilimanjaro, uliona wenye maradhi ya sukari hawafiki mtu mmoja katika watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukakuta kama 9 katika 100. Paka na bwana wake wamekula jamvi moja.

Mwezi wa tatu tangu kuanza sindano, jioni moja wanafunzi walinijia mbio wakisema Sultani amelewa. Nikamkuta anayumba, mwili unamtetemeka, macho yamemtoka. Daktari alikuwa ametuonya ya kuwa chakula kikimkubali mwili wake utaamka, na insulini ya sindano ikijumlishwa na ya mwili wake sukari itashuka mno. Nikachukua asali, nikampaka kwenye ufizi kwa ncha ya kidole. Asali haimwagwi kooni mwa mnyama anayetetemeka, asije akapaliwa. Wala kidole hakitiwi baina ya meno yake. Kitambo kidogo akainua kichwa, akala, na wanafunzi waliokuwa wameacha kusoma wakatoa sauti moja ya "Alhamdulillahi". Asubuhi nikampigia simu daktari, naye akapunguza kipimo. Nyumba yenye paka wa sukari isikae bila asali, na akikataa chakula asichomwe kama kawaida kabla daktari hajaulizwa. Akikataa kula na akatapika, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, apelekwe saa hiyohiyo, kwani hiyo ni hatari ya namna nyingine.

Kipimo kiliendelea kupungua mpaka mwezi wa tano sindano zikasimamishwa. Daktari hakusema amepona. Alisema maradhi yamelala, na paka wengine hupata bahati hiyo hasa wakiwahiwa mapema, nayo huweza kuamka wakati wowote. Kwa hiyo chakula ni kilekile, mkojo wake hupimwa kwa kijikaratasi, na kila Ijumaa hupimwa uzito kwa mizani ya kahawa. Wanafunzi wakubwa huandika yote katika daftari: tarehe, chakula, maji, uzito. Anatembea sasa kwa vidole vyake kama paka, ingawa panya wakubwa amewaachia vijana.

Nanyi vijana mnaosoma haya, nawausia mambo matatu. Kabla ya kumfuga mnyama, jiulizeni kama mtaweza kumbeba siku asipoweza kujibeba. Mkimwona mnyama anakunywa sana, anakojoa sana, anakula sana na huku anakonda, msiseme ni uzee. Mpelekeni kwa mjuzi. Na yule asiyeweza gharama ya dawa, ajue ya kuwa sharia haimtwiki mtu asichoweza. Na afanye lililo mkononi mwake: nyama badala ya ugali, maji yasiyokatika, mahali pakavu pa kulala, na amwulize daktari na sheikhe juu ya lililobaki. Asichoruhusiwa ni kufumba macho na kufungua mlango.

Namwomba Mwenyezi Mungu atuponyeshee wagonjwa wetu wa majumbani na wa hospitalini, atupe riziki ya kutekeleza haki za wanaotutegemea, wenye ulimi wa kudai na wasio na ulimi, na asitufanye katika wale wanaofunga wala hawalishi. Amin. Wallahu aalam.